Kipindi cha magari na washkaji: gari la nani, simu au kamera, na mbele ya kamera wakae wangapi

Vijana wanne wa mtaani kwetu Mbezi, Dar es Salaam, wamechanga laki tatu na nusu. Wanataka kuanzisha kipindi cha kuchambua magari, na swali walilokuja nalo lilikuwa moja: kaka, tununue kamera gani? Niliwaelewa, maana miaka michache nyuma na sisi tulikuwa wanne, tukachanga, hela yote ikaingia kwenye kamera kabla hatujajua gari la kwanza tutalipata wapi. Tulikaa barazani mpaka adhana ya magharibi. Niliyowaambia nayaweka hapa kwa mpangilio uleule: gari kwanza, kisha sauti, kamera baadaye.

Gari: la mshkaji, la yadi au la kukodi

Habari ya kukodi nitaimaliza haraka. Gari la kukodi mnalilipia siku nzima hata mkilitumia saa tatu, na mengi yamepita mikononi mwa watu wengi mno kiasi kwamba huwezi kujua ubovu ni wa modeli ile au ni wa wateja waliotangulia. Siku mkitaka kuonyesha Prado na hakuna ndugu mwenye nayo, kodini. Siku nyingine zote hela hiyo ni mafuta ya vipindi kadhaa.

Uamuzi wenyewe uko kati ya yadi na mshkaji.

Yadi ina mvuto wake. Magari yamepangwa mstari, yameoshwa, viti bado vina nailoni, na kwa mchana mmoja mnaweza kurekodi IST, Raum, Vitz na Demio bila kuhama. Picha zinatoka safi. Lakini gari ambalo halijasajiliwa haliingii barabarani kwa ajili yenu. Mtaliwasha, mtalisogeza mbele na nyuma uani, basi. Mtaishia kusema viti ni laini na buti ni kubwa, mambo ambayo mnunuzi angeyaona mwenyewe kwa dakika mbili.

Na kuna uzito mwingine. Yadi moja ilitupokea vizuri sana, ikatupa chai, ikatupa gari ambalo tayari lilikuwa na namba, tukalizungusha asubuhi nzima. Kwenye matuta upande wa mbele kushoto ulikuwa unagonga, ule mlio mkavu wa bushi zilizochoka. Tuliusema ndani ya video. Kesho yake wakatuomba tuuondoe, na kwa haya ya ile chai tukauondoa. Wiki tatu baadaye mtu akatuandikia kwamba amelinunua gari lile kwa kuiamini video yetu, na ameshabadilisha bushi na shokapu mbili. Maneno yake yaliniuma siku nyingi. Tangu hapo yadi tunakwenda kuonyesha muonekano tu, na sekunde za kwanza kabisa tunasema gari hili ni la muuzaji.

Gari la mshkaji halina nailoni. Lina mchubuko wa bodaboda mlangoni na harufu ya maisha ya watu, lakini lina mtu anayelijua. Aliyekaa na IST ya cc 1300 miaka sita atakwambia kwamba akiwa na abiria wanne na mizigo anazima AC kupanda Kitonga. Atakwambia taa gani ya dashibodi iliwaka lini na fundi alifanya nini. Mwenye ile ya cc 1500 atakwambia kwa nini hahangaiki na spea: injini yake, 1NZ-FE, ndiyo iliyomo kwenye Raum, Probox na Spacio, kwa hiyo pale mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya spea, kila duka la pili linaijua. Maneno kama haya huyapati kwenye karatasi ya muuzaji, na ndiyo anayoyatafuta mtu mwenye milioni zake mkononi asiyetaka kujuta.

Kabla hamjachukua ufunguo, ulizeni bima. Wengi wetu tuna bima ndogo, ile inayomlipa mtu mliyemgonga. Gari la mshkaji lenyewe likiumia, mtalitengeneza kwa mifuko yenu. Kwa hiyo kaeni na mwenye gari mapema, mkubaliane nani anaendesha, wapi, na ikitokea la kutokea nani analipa. Sisi tunataka mwenye gari aendeshe mwenyewe. Anakuwa mtulivu, na anaongea vizuri zaidi mikono yake ikiwa kwenye usukani wake. Namba ya gari tunaiziba kwenye kuhariri isipokuwa akisema tuiache.

Kwa vipindi kumi vya kwanza, chukueni ya washkaji. Orodhesheni simu za watu kumi mnaowajua wenye magari tofauti, na tayari mna msimu mzima.

Njia moja kwa magari yote, au kila gari na safari yake?

Wengine hupenda kila kipindi kiwe na mandhari mapya: leo Kigamboni, kesho Coco Beach, keshokutwa Pugu. Inapendeza macho. Mimi nasimama na njia moja isiyobadilika, kwa sababu mtazamaji akitaka kulinganisha IST na Demio, lazima zote mbili ziwe zimepita kwenye matuta yaleyale.

Yetu ni Mwenge, Tegeta, Bunju, Mapinga mpaka Bagamoyo, na kurudi. Kuna foleni, kuna lami nzuri ya kukimbia kidogo, kuna matuta ya kutosha, na karibu na mwisho tunaingia kipande kifupi cha vumbi. Karibu na Lugalo simu zote zinashushwa. Pale ni kambi ya jeshi, na hakuna picha inayostahili usumbufu huo.

Mafuta tunayapima kizamani. Tunajaza tenki sheli ileile, pampu ileile, na pistoli ikijikata yenyewe mara ya kwanza tunaacha hapohapo, hata mhudumu akitaka kuongeza ili hela ikae sawa. Tunarudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Tukirudi tunajaza tena vilevile, tunagawa kilomita kwa lita. IST ya rafiki yetu ilitembea kilomita 138, ikaingia lita 9.6, AC ikiwa imewashwa muda wote: kilomita 14 na ushee kwa lita. Kwenye video tunaonyesha pampu na dashibodi, tusibaki na maneno matupu. Sehemu hii ndiyo inayoleta maswali mengi kuliko zote, na watu wa Nairobi na Mombasa nao huuliza, ingawa wao sheria yao ya kuingiza magari yasiyozidi miaka 8 inawanyima baadhi ya hizi za zamani ambazo sisi bado tunazileta kwa kulipia ushuru wa ziada wa umri.

Sauti: maiki ya waya, isiyo na waya, au simu ya mfukoni

Hapa ndipo ningeweka hela. Video yetu ya kwanza ilipigwa na kamera nzuri, na takwimu zake zilituonyesha watu wanaondoka kwa wingi pale tu gari lilipoingia barabarani. Picha ilikuwa inang'aa. Sauti ilikuwa upepo, matairi na feni.

Maiki ya waya ya kubana kolani, kama Boya BY-M1 ambayo maduka mengi ya Kariakoo wanayo, ndiyo rafiki wa mwenye bajeti ndogo. Waya wake ni wa mita 6, ndani ya gari mtaukunja na kuufunga kwa mpira. Ina kidude chenye swichi: upande mmoja wa simu, upande mwingine wa kamera. Ukiwa kwenye kamera inatumia betri ndogo ya LR44, na ukisahau swichi upande huo betri inaisha kimyakimya. Tulishapoteza nusu siku kwa hilo. Siku hizi mmoja wetu kazi yake ni kuvaa hedifoni na kusikiliza sekunde kumi kabla hatujaondoka. Angalieni pia tundu la simu. Simu nyingi mpya hazina tundu la hedifoni, mtahitaji kigeuzi cha Type-C.

Maiki zisizo na waya zinauzwa kwa jozi: mbili za kubana na risiva ndogo inayochomekwa kwenye tundu la chaji. Faida yake mnaiona mkishuka, mnazunguka gari mkiongea bila kuburuta waya. Hasara zake ni mbili. Risiva ikiwa imekaa kwenye tundu la chaji, simu haichaji, isipokuwa risiva yenyewe iwe na tundu la ziada la chaji. Na zile za bei ya chini zina kitufe cha kupunguza kelele ambacho kinaifanya sauti ya mtu iwe kama anaongea ndani ya debe. Kizimeni, fungeni madirisha, shusheni feni ya AC namba moja. Mtapata sauti ya kibinadamu.

Njia ya tatu haina gharama. Kila mmoja anachukua simu yake, anachomeka earphone za waya zenye maiki, anafungua programu ya kurekodi sauti, simu inaingia mfukoni. Kabla ya kuanza mtu mmoja anapiga kofi mbele ya kamera. Mkihariri mnaitafuta ile ncha ya kofi kwenye kila rekodi na kuzipanga zikutane. Inachosha, lakini sauti yake inazidi maiki ya kamera yoyote iliyowekwa kwenye dashibodi, maana maiki iko sentimita ishirini kutoka mdomoni. Vipindi vyetu vinne tulivifanya hivyo.

Jambo dogo ambalo hakuna aliyetuambia: mkanda. Magari yetu usukani uko kulia, kwa hiyo mkanda wa dereva unashuka kutoka bega la kulia na wa abiria wa mbele kutoka bega la kushoto. Dereva abane maiki kola ya kushoto, abiria kola ya kulia. Mkikosea, kila pumzi itasikika kama mtu anakwaruza gunia. Na redio izimwe kabisa. Wimbo unaosikika kwa mbali kwenye redio ya gari unatosha YouTube kuutambua, na mapato ya video yakaenda kwa mwenye wimbo.

Kwa vijana wa Mbezi nilichagua jozi isiyo na waya, kwa kuwa wao wanataka kutembea huku wanaongea. Kama ninyi mtakaa ndani ya gari muda mwingi, waya unatosha na mtabakiwa na chenji.

Simu, kamera ya mtumba, au kamera ndogo ya vituko

Sisi tulinunua Canon 600D ya mtumba. Ni kamera ya mwaka 2011, ina tundu la maiki, kioo chake kinageuka, na gari lililosimama jioni pale Mbweni inalipiga picha ya kuvutia: nyuma kumelainika, rangi imekolea. Tatizo ni kwamba kipindi cha magari kinatembea. Kwenye video 600D haikufuatilii, ukisogea mbele hatua mbili unakuwa ukungu mpaka mtu azungushe lenzi kwa mkono. Hukata rekodi yenyewe baada ya muda, na ndani ya gari ni kubwa, inatikisika, inamziba dereva. Miezi miwili baadaye ilikuwa inakaa kwenye begi na simu ndiyo inafanya kazi.

Simu ya kawaida inayorekodi kwa ubora wa picha wa 1080p inatosha. Inakufuatilia yenyewe ukisogea, inatuliza mtikisiko, na mnayo tayari. Adui yake hapa kwetu ni jua. Ukiibandika kwenye kioo cha mbele saa saba mchana, itachemka na kujizima katikati ya sentensi nzuri kuliko zote. Tumia kishikio kinachobana kwenye tundu la AC, hewa ya baridi inaipoza huku inarekodi. Kingine ni mwanga: dirisha linakuwa jeupe, uso unakuwa giza. Bonyeza uso wa mtu kwenye kioo cha simu na ushikilie mpaka mwanga ujifunge. Rekodini saa moja mpaka saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Na aishike aliyekaa kando. Dereva asiiguse kamwe gari likiwa linatembea.

Kamera ndogo za vituko, GoPro na ndugu zake, zinafaa kwa jambo moja ambalo simu hailiwezi: kukaa nje ya gari, chini ya bampa au pembeni ya tairi, ikipigwa vumbi. Hiyo ni picha ya sekunde tano kwenye kipindi cha dakika kumi na mbili. Azimeni kwa mtu.

Picha ya gari likipita wengine huirekodi kutoka kwenye gari jingine au juu ya bodaboda. Tafadhali msifanye hivyo. Mtu mmoja asimame kando, mbali na lami, achuchumae, simu iwe usawa wa goti, na gari lipite mara tatu kwa mwendo wa 40. Simu ikiwa chini hivyo, hata Vitz inapita kwa heshima. Drone nayo iacheni kwanza, inataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga.

Waongee wawili au wote wanne?

Urafiki unataka wote waonekane. Tulijaribu. Wanne ndani ya IST, kila mtu ana utani wake, na msikilizaji hajui nani anasema nini. Wawili ndio wanaosikika. Mmoja awe mwenye gari au anayelijua, wa pili awe mnunuzi, mtu anayeuliza kama angekuwa analipia: linakula mafuta? Spea zipo? Nikitaka kuliuza mwakani linauzika? Huyu wa pili ndiye anayebeba kipindi, kwa kuwa mtazamaji anakaa upande wake. Wa tatu ashike simu. Wa nne asikilize sauti, aandike kilomita na lita kwenye daftari, aangalie trafiki na watoto wanaosogea. Mkibadilishana zamu kila kipindi hakuna anayenuna.

Ongezeni fundi. Dakika tatu za fundi chini ya gari, tochi mkononi, anatikisa tairi na kueleza kwa nini bolijointi inalia, zina thamani kuliko dakika kumi za sisi kusifia rangi. Mlipeni chochote, ni muda wake wa kazi.

Na mapema, kabla hata ya watu mia kuwafuata, andikeni karatasi: nani ametoa nini, akaunti ni ya nani, mtu akiondoka inakuwaje. YouTube inaruhusu watu kadhaa kusimamia chaneli moja, kila mmoja na barua pepe yake. Tumieni njia hiyo, nywila isikae kwa mtu mmoja.

Ndefu au fupi

Video ya dakika moja ya TikTok inakua haraka, na kuihariri kwa CapCut ndani ya simu ni kazi ya jioni moja. Ya dakika kumi na mbili inachukua siku tatu na bando: kwa ubora wa 1080p wa kawaida ni kama MB 700 za kupakia. Lakini anayetafuta gari la kununua anaangalia ile ndefu, anaisimamisha, anairudia, anamtumia mkewe. Tengenezeni ndefu, kisha kateni vipande viwili vifupi kutoka humo. Hela ya matangazo YouTube inaanza ukifikisha watu 1,000 waliojiandikisha kwenye chaneli na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, kwa hiyo msiipigie hesabu mapema. Ninyi mnaofanyia Tanzania piteni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kanuni za maudhui ya mtandaoni zipo tangu 2018 na zimerekebishwa tangu hapo. Ulizeni kama kipindi chenu kinahitaji leseni.

Ile laki tatu na nusu

Tuliigawa hivi palepale barazani: mafuta ya vipindi vitatu laki na ishirini, maiki elfu sitini, kishikio cha simu ishirini, fundi mara tatu arobaini na tano, flashi ya kutunzia video ishirini na tano, bando thelathini. Elfu hamsini zinabaki za pancha na dharura. Kamera haimo.

Jumapili wanaanza na Raum ya mama wa mmoja wao, ile ya kizazi cha pili, yenye mlango wa kutelezesha upande wa kushoto. Imeshapita miaka ishirini. Mama anasema mlango huo ukiuvuta taratibu unakwama katikati, ukiuvuta kwa nguvu unakwenda wote, na kila abiria mgeni lazima afundishwe. Nimewaambia warekodi huo kwanza, na wamwache mama aeleze mwenyewe.